Katani Kichwani

Mjukuu wangu ni fundi wa mabomba. Anafanya kazi Nairobi, katika jumba lililojaa kompyuta ambazo hazizimwi usiku wala mchana, na kwa kuwa hazizimwi zinapata joto, na kwa kuwa zinapata joto inabidi zipitishiwe maji baridi katika mabomba membamba yanayozipitia ubavuni. Kazi yake ni kuhakikisha maunganisho ya yale mabomba hayavuji. Ananiambia tone moja tu likidondokea mahali pabaya, watu wanamwaga unga. Nilipomwuliza wanaziba na nini, alitoa mkobani utepe mweupe, mlaini, akaniinamia pale kwenye bomba la uani kwangu anionyeshe.

Nikamwuliza anauzungushia upande gani.

Alinitazama vizuri. Akasema upande ule ule wa kukazia, bibi, kwa sababu ukienda kinyume, ukikaza utepe unajikunja na kutoka wote. Nikamwambia hayo nayajua tangu mama yake hajazaliwa. Akataka kujua nani alinifundisha. Basi ikabidi nimsimulie habari ya kichwa changu, na mimi nikianza kusimulia siwezi kukaa kitini, kwa hiyo nilimsimulia nikiwa nafagia.

Siku zile tulikaa Tororo. Mimi ni mtoto wa Busia, wa familia ya Waislamu wa mjini, wenye malori na vibanda vya nguo; mume wangu alikuwa Msamia wa mashambani, mtoto wa wakulima waliosali kanisani. Watu walishangaa tulivyooana na walishangaa zaidi tulivyodumu. Yeye alikuwa mtu wa taratibu. Angeweza kukaa na msumari mmoja asubuhi nzima akiutafakari. Mimi nimeumbwa chapuchapu. Chai yangu nainywa nimesimama. Nilikuwa nikimtania kwamba siku ya Kiyama atachelewa kufufuka kwa sababu atakuwa anatafuta kiatu cha pili.

Alikuwa fundi katika kiwanda kidogo cha barafu. Kilikuwa cha Wahindi, wakafukuzwa nchini pamoja na wenzao, na kiwanda akapewa mtu mmoja wa jeshi ambaye hakujua barafu inatoka wapi ila alijua inakwenda wapi, yaani kwenye bia yake na ya wenzake. Ndani mle kulikuwa na mashine kubwa, kompresa, inayofanya kazi ya kutengeneza baridi lakini yenyewe inachemka kama sufuria ya maharage. Ili isijiue, maji yalikuwa yakizungushwa na pampu katika mabomba ya chuma kuipooza. Maji yakipungua, kompresa inaungua. Mjukuu wangu alicheka hapo. Alisema bibi, ni kazi ile ile.

Mabomba yale yaliunganishwa kwa meno: bomba linaingia ndani ya mwenzake kwa kuzungushwa, na kwenye meno unaviringisha katani, unapaka rangi ya mafuta, unakaza. Simaanishi katani ya kamba ya kufungia mbuzi. Katani ya mabomba ni laini na ndefu, nyeupe inayoelekea manjano, inauzwa kwa vichane. Wahindi waliacha akiba yake, na akiba ikaisha. Rangi ilikuwepo, mabaki ya mkebe yaliyoganda juu, lakini katani haikuwepo Tororo nzima. Mume wangu alijaribu pamba, maji yakaitoa. Akajaribu nyuzi za gunia, zikakatika kwenye meno. Akajaribu mpira wa tyubu ya baiskeli, ukateleza. Kiungo cha bomba karibu na pampu kikawa kinavuja, leo matone, kesho kamkondo, hadi siku moja kompresa ikapiga kelele na ikabidi aizime kabla haijapasuka.

Wiki ile mwenye kiwanda alikuwa anamwoza binti yake. Karamu ilikuwa Jumamosi na wakubwa wenzake wangekuja kutoka Kampala. Alikuja kiwandani akaambiwa mashine imesimama. Hakupiga mtu. Alisema tu kwamba anajua watu wanaoharibu mali kwa makusudi ili kuiaibisha serikali, na kwamba barafu isipopatikana Jumamosi, fundi ataieleza sababu yake kwa watu wengine, mahali pengine. Akaweka askari getini na kuamuru mume wangu asitoke. Mwenzake wa kazi, mtu wa Molo, kijiji cha huko huko Tororo, mwenye mwili mkubwa na kicheko cha haraka, ambaye kazi yake ilikuwa injini, yeye aliruhusiwa kwenda na kurudi.

Watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa "mahali pengine" ni wapi. Waliopelekwa huko hawakurudi hata maiti.

Nilimpelekea chakula mchana. Askari walikuwa karibu, na Kiswahili kilikuwa lugha yao, kwa hiyo mume wangu alizungumza nami Kisamia huku akila, polepole kama kawaida yake, uso wake kwenye sahani. Alisema akipata kichane kimoja cha katani ataliziba. Alisema upande wa pili, Busia ya Kenya, dukani ipo. Halafu akasema nisiende. Nilikuwa nimekwisha simama.

Busia nilikuwa na shangazi. Alikuwa na duka dogo la nguo upande wa Kenya, hatua chache tu kutoka mpaka, na ulimi mkali kuliko wangu. Nilivuka kwa njia za mashambani, kama tulivyovuka sote, kwenda kutafuta chumvi au sabuni au habari. Shangazi alininunulia kichane cha katani kabla sijamaliza kueleza. Shida ilikuwa kurudi nacho. Barabara ya Tororo ilikuwa na kizuizi, na askari pale walipekua vikapu, walipekua vifua vya wanawake, walikata mikate katikati. Kitu chochote cha Kenya kilikuwa magendo, na kitu cha mashine kilikuwa magendo yenye maswali.

Shangazi alikishika kile kichane mkononi akakipitishia vidole. Akakitazama, akanitazama kichwa.

"Kaa chini," akasema.

"Shangazi, sina muda wa kusukwa."

"Ndiyo maana nakuambia ukae."

Alichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kujipaka, akaipaka katani yote mpaka ikawa nyeusi, kisha akanifumua na kunisuka upya, mafungu ya katani ndani ya nywele zangu, msuko kwa msuko. Mimi kukaa chini muda wote ule ilikuwa adhabu. Miguu ilikuwa inacheza yenyewe. Kila mara nilipogeuza shingo alinigonga kwa chanuo. Alipomaliza nilikuwa na misuko minene, mirefu, inayofika mabegani, na kwa mara ya kwanza katika wiki ile nilicheka, maana kwenye kioo nilikuwa mrembo kweli. Nikafunga leso juu, nikatoka.

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na shangazi. Yeye alikaa Kenya, ana haki ya kutojua. Mimi nilijua. Redio ilikuwa imetangaza kwamba wanawake hawaruhusiwi kuvaa nywele za bandia. Lakini nywele za bandia kwangu zilikuwa yale makofia ya manyoya ya mabibi wa ofisini, unavua usiku unatundika. Msuko sikuuweka kwenye hesabu hiyo. Tulitafuta mahali pa kuficha kitu cha magendo, katika mwili mzima tukachagua mahali pale pale serikali ilipokwisha kupiga marufuku.

Nilipata lori lililobeba muhogo. Kwenye kizuizi tulishushwa sote. Walipekua kikapu changu, hakuna kitu. Wakapapasa wanapopapasa, hakuna kitu. Nilikuwa nimeshika ubao wa lori nipande, askari mmoja kijana akasema, "Mama, kuja. Toa hiyo kitambaa."

Nikatoa leso. Akanizunguka. Akashika msuko mmoja, akauvuta mpaka shingo ikapinda.

"Hii nywele ni ya wapi?"

"Yangu."

"Hapana. Nywele ya uongo serikali ilikataa. Wewe hapana sikia redio?"

Nilisema neno, sikumbuki neno gani. Kando ya kizuizi alikuwepo kinyozi aliyekuwa akiwanyoa askari, mzee mwembamba mwenye kibao na mkasi na wembe. Yule kijana akanipeleka kwake na kumwambia aondoe yote.

Kinyozi alinikalisha. Mkasi wake ulipokata msuko wa kwanza, alisita. Alikuwa ameona ndani, pale masizi hayakufika, katani nyeupe. Alikaa ameushika. Niliweza kumwona vidole tu. Kisha akauangusha chini taratibu, akaendelea kukata, na kila msuko uliofuata aliuangusha juu ya mwenzake mahali pamoja, pasipo kuutawanya. Alipomaliza na mkasi akachukua wembe. Nilihisi upepo kwenye utosi ambao haujawahi kuhisi upepo tangu nikiwa mchanga.

Nilitazama lile rundo. Uhai wa mume wangu ulikuwa pale chini, mavumbini, karibu na buti za askari. Nikamwambia yule kijana kwamba nataka nywele zangu.

"Ya nini?"

Nikamwambia kwetu mtu haachi nywele zake njiani. Zikiokotwa, anayeziokota anaweza kukufanyia analotaka. Na mwenyewe akinyimwa nywele zake, aliyemnyima ndiye hufuatwa na balaa. Hilo la mwisho nililibuni pale pale.

Alikuwa kijana wa bunduki, lakini alikuwa amezaliwa na mama kama mimi nilivyozaliwa. Alirudi nyuma. "Chukua yote," akasema. "Hapana acha hata moja hapa." Akainua buti moja, akatazama chini yake, akainua na la pili. Kinyozi alinisaidia kuokota. Sikuwa na kitu cha kufungia ila leso, nikaitandaza, nikafunga kila kitu humo, nikapanda lori kichwa wazi, kinang'aa kama chungu kipya.

Niliingia Tororo hivyo. Sikwenda nyumbani kujifunika; ningewezaje kwenda nyumbani? Nilipita mbio sokoni, nikapita mtaani kwetu, na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi vibarazani waliacha visu. Mmoja alijishika kinywa. Mwingine akaniita kwa sauti ya chini, sikusimama. Nilifikiri wanacheka upara wangu. Hasira zilinipanda, nikasema nitashughulika nao baadaye.

Getini pa kiwanda, askari ambaye siku zote alinipekua chakula mpaka kwenye mchuzi, safari hii alisogea kando. "Pole, mama," akasema. Hata hapo sikuelewa.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye pampu, mtu wa Molo kando yake. Akageuka. Spana ikamtoka mkononi. Alinitazama kichwani, halafu akatazama nyuma yangu, kama anayemtafuta mtu.

"Nani amekufa?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mjane hukaa eda, hujifunika na kutulia ndani. Kunyolewa si kwetu. Lakini kwao, na kwa majirani zetu wengi, Wasamia kwa Wapadhola, mwanamke mzima hukutwa na kichwa kitupu namna ile anapofiwa, hasa na mume. Nilikuwa nimevuka mji mzima nikitangaza kifo chake, na sasa nilikuwa nimesimama mbele yake mwenyewe nikimtangazia.

"Hajafa mtu," nikasema. "Ziba bomba."

Nikafungua leso. Mtu wa Molo alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema shemeji, umeleta kichwa kizima. Mume wangu hakucheka. Alianza kuchambua, nywele huku, katani kule, uzi mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaona tutafika Jumamosi ya mwaka mwingine. Nikamwambia aweke vyote. Akafikiri. Akaweka vyote. Alizungushia kwa upande wa kukazia, akifuata meno, akivuta kila mzunguko ukae kwenye bonde lake, akanieleza kwa nini. Akapaka rangi. Mwenzake akashikilia bomba, yeye akakaza.

Walipowasha, tulitazama kile kiungo sote watatu. Likatokea tone. Likanenepa, likaning'inia. Akakaza kidogo sana. Lile tone likadondoka na jingine halikuja. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji, mimi nisiyekaa. Askari akaja akasema mama aende nyumbani, fundi atabaki mpaka barafu itoke na mkubwa aridhike.

Nyumbani nilikuta uani kumejaa. Wanawake walikuwa wamekwisha leta kuni na unga. Waliponiona wakaanza kulia. Niliwaambia yu hai, nimetoka kuzungumza naye sasa hivi. Wakanikumbatia. Niliwaambia tena kwa sauti kubwa. Mmoja akasema, "Ndiyo, dada, yu hai," kwa upole ule wa kumbembeleza mgonjwa, na nikajua hawataniamini. Siku zile kila mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa alisema yu hai. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha waambia wenzangu "ndiyo, dada" kwa sauti ile ile.

Hawakutoka. Kesho yake akaja mama mkwe kutoka kijijini na kaka wa mume wangu. Mama mkwe nilimweleza kila kitu: katani, kinyozi, tone. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa kichwa, akaenda kukaa na wenzake. Nilifagia ua katikati ya matanga. Nilisugua sufuria safi. Nililala nimekaa. Na jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba kufika Jumamosi mchana, kwa kuzungukwa na vilio vile, nilianza kuona kwamba wao wengi hawawezi kukosea na mimi peke yangu nikapatia. Kiungo huenda kimeachia. Kwa nini isiwe hivyo? Nikaanza kulia pamoja nao.

Wazee walikuwa wamefika kwenye suala la kuzika. Mwili hautapatikana, kila mtu alijua, na kwao mtu ambaye mwili wake haupatikani huzikiwa shina la mgomba, ili roho ipate mahali pake. Kaka yake alikuwa amesimama karibu na migomba ya nyuma ya nyumba na panga mkononi, akibishana na mzee mmoja ni mgomba upi unaomfaa kwa urefu.

Mume wangu aliingia kwa njia ya mbele, nguo zake zina mafuta, rangi nyekundu chini ya kucha. Aliwasalimia. Kilio kilikatika, kuku mmoja tu ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Alipita katikati ya watu mpaka kwa mama yake, akapiga magoti, na mama yake akamshika masikio yote mawili kama anavyoshikwa mtoto. Mimi nilitaka kukimbia kwake na kwa mara ya kwanza maishani mwangu miguu ilikataa.

Barafu ilikuwa imetoka. Lori liliibeba, mwenye kiwanda akaonja bia yake, akaridhika, akamwambia aende kuoga.

Walimpa uji wa matanga yake, akaketi akaunywa wote, taratibu. Kisha akatazama kule migombani, kaka yake bado amesimama na panga asijue pa kuliweka.

"Leo mmekuja bure," akasema. "Wakati mwingine hamtakuja bure." Akanigeukia. "Funga mizigo."

Tuliondoka kabla ya kanisa kutoka, kesho yake, tukaelekea kwa shangazi. Mtu wa Molo alikuja kutuaga. Mume wangu alimsihi aje nasi na familia yake. Alimsihi kwa maneno mengi, yeye asiyekuwa na maneno. Yule bwana alicheka kicheko chake cha haraka. Alisema, "Bomba halivuji. Mnakimbia nini?"

Mjukuu wangu alikuwa ameacha kuchezea utepe wake. Aliniuliza kama lilivuja tena.

Nikamwambia hatukurudi kuangalia. Tulichosikia ni kwamba kabla nywele zangu hazijafika mahali pa kusukika, siku moja barafu ilikosekana. Mgomba ulikatwa Molo.

Akainuka, akaenda kwenye lile bomba la uani, akaufungua utepe aliokuwa ameufunga kwa mchezo, akaanza kuuzungushia upya.